Ngao Isiyo na Mvaaji

(Maneno yaliyosemwa ukumbini Siku ya Wanafunzi wa Zamani na mmoja wa kidato cha nne cha mwaka 1971. Tunayachapa kama alivyoyasoma, kwa ombi la wengi waliokuwapo na wengi zaidi ambao hawakuwapo.)



Nilipoletewa barua ya kuombwa nizungumze, niliambiwa nichague jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita walizungumza juu ya kilimo, juu ya mabenki, na mwaka mmoja, kama mnakumbuka, juu ya ufugaji wa nyuki, hata chakula kikapoa kabla nyuki hawajaisha. (Kicheko.) Mimi nitazungumza juu ya mchezo wa kompyuta. Naona wazee wanatazamana. Naomba wanivumilie, maana habari yenyewe inatuhusu sisi zaidi kuliko vijana, na kosa lililomo ndani yake nililifanya mimi.

Wengi mnajua kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka 31 katika kiwanda kimoja huko Tanga. Nilianza na vipuri vya matrekta nikamalizia na vipuri vya mitambo ya kusokota kamba. Kazi ya stoo, ukiondoa vumbi na panya, ni swali moja tu: kitu hiki kimo katika leja kwa jina la nani? Beringi iliyo rafuni si mali ya mtu mpaka vocha ya kuitolea iwe na jina na saini. Na jina likifutwa, sharti kitu kiandikwe kwingine, ama stoo, ama kwa mtu mwingine, ama hesabu za hasara. Hakuna kitu kinachoruhusiwa kuning'inia hewani. Mkaguzi akikikuta kinaning'inia, utaning'inia nacho.

Swali hilo nilianza kulijua hapa hapa shuleni. Mwaka 1968 nilipofika na tranka langu la bati, nilipewa godoro, blanketi, sahani, na namba 214. Namba ile iliandikwa kwa wino mweusi kwenye pembe ya shuka na kwenye kitako cha sahani. Kwa miaka minne mimi nilikuwa 214. Mwaka 1971 nilirudisha godoro, nikasaini, nikaondoka, na Januari iliyofuata kijana mwingine akawa 214 akalilalia godoro lile lile. Kama yumo humu ukumbini, namwomba radhi kwa lile doa. Ilikuwa chai. (Kicheko.)

Sasa nieleze mchezo, kwa ajili ya wazee wenzangu. Vijana wanaweza kusinzia kidogo.

Mchezo wa watu wengi mtandaoni ni nchi ya kubuni. Imewekwa ndani ya mashine kubwa za wenye mchezo, na watu wa mataifa mbalimbali huiingia kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Mchezaji hufungua akaunti, kama ya benki, na ndani ya akaunti hiyo huumba mhusika. Neno hilo mnalijua kutoka somo la fasihi. Tofauti ni kwamba mhusika huyu humwendesha wewe mwenyewe. Huanza maskini, ana rungu na kaptura. Hupigana na majoka, hutumwa kazi, hupanda ngazi, na kila anachokipata hukitia mkobani. Akaunti moja yaweza kuwa na wahusika kadhaa, na katika michezo mingi wahusika hao wa mtu mmoja wana sanduku la pamoja la kuwekea mali.

Nchi za namna hii si ngeni kama tunavyodhani. Moja ya kwanza kabisa ilianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Haikuwa na picha hata moja. Yote yalikuwa maandishi. Mwaka huo sisi tulikuwa na habari ya Kagera vichwani, hatukusikia. Mwaka 1999 ukatoka EverQuest huko Marekani, na Novemba 2004 World of Warcraft, ambao wachezaji wake walikuja kuhesabika kwa mamilioni.

Hapo ndipo likaja tatizo ambalo mtunza stoo yeyote angelitabiri. Beringi huchakaa. Kwa kuwa huchakaa, watu huja kuchukua nyingine, na stoo huendelea kuwa stoo. Upanga wa kubuni hauishi. Hata ukisemekana umeharibika, hulipiwa sarafu kidogo ukarudi kuwa mpya. Basi mchezaji akipata upanga bora zaidi, ule wa zamani humwuzia mdogo wake, naye akikua humwuzia mdogo wake, na kila siku majoka yanaendelea kuuawa na panga mpya zinaendelea kutoka. Baada ya muda nchi nzima imejaa panga nzuri, bei imeanguka, na hakuna anayeona sababu ya kuhangaika na joka. Zaidi ya hapo, walitokea watu wa kuuza panga hizo kwa fedha halisi.

Dawa waliyoitafuta ilikuwa kukifunga kitu na mtu. EverQuest tayari ulikuwa na vitu vyenye alama kwamba havipewi mwingine. World of Warcraft uliifanya kuwa sheria ya nchi nzima: kipo kitu kinachofungwa mara unapokiokota, na kipo kinachofungwa mara unapokivaa. Wao husema kimefungwa na roho. Tangu hapo huwezi kukiuza kwa mchezaji mwenzako, wala kumpa rafiki, wala kumpa hata mhusika wako wewe mwenyewe aliye katika akaunti hiyo hiyo. Baadaye waliona ukali wa sheria hiyo, wakaanza kuilegeza. Mwaka 2008 walitoa vitu vya urithi, ambavyo vimefungwa na akaunti wala si na mhusika mmoja, kwa hiyo mhusika mkubwa aweza kumrithisha mdogo. Guild Wars 2, uliotoka mwaka 2012, huandika waziwazi juu ya kitu kama kimefungwa na akaunti au na roho. Nawaomba vijana waikumbuke tofauti hiyo, maana mimi sikuijua, na ndiyo iliyonigharimu.

Nina mjukuu. Ameniruhusu nisimulie, kwa sharti nisitaje jina lake wala la mhusika wake. Mchezo wake si mmoja wa niliyoitaja, nao sitautaja, maana haukukosea kitu.

Desemba 2023 alileta ripoti ya mwisho wa mwaka, Kidato cha Kwanza. Hisabati, 31 kwa 100. Wazee wenzangu, mnajua damu inavyopanda. Baba yake yuko mbali kikazi, mtoto analelewa kwangu, nikaona aibu ile ni yangu. Nikasema, lete hiyo kompyuta, na huyo mtu wako wa kwenye kompyuta umfute mbele ya macho yangu.

Mtoto alinijibu vizuri sana. Nakumbuka maneno yake kwa sababu baadaye niliyarudia mara nyingi kitandani. Alisema, "Babu, kompyuta hii hapa, ifungie kabatini mpaka nipate unayotaka. Ila usinifutishe." Lilikuwa pendekezo la mtu mzima. Lingetimiza kila nilichokitaka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusema neno, na mzee akisema neno mbele ya wajukuu huona haya kulirudisha. Nikakataa.

Akaomba dakika 20 za kuhamisha vitu. Nikampa kumi.

Mimi, ambaye stoo yetu ilipohamishwa kutoka jengo moja kwenda jengo la pili nilidai siku tisa za kuhesabu, na nikazipata, nilimpa mtoto dakika kumi. Alihamisha haraka haraka: sarafu, vitambaa, dawa za majeraha, akavitia katika sanduku la pamoja. Mwisho akaitia ngao. Sanduku likaipokea, naye akaamini imepona. Kisha mashine ikamtaka aandike neno la kuthibitisha, herufi kwa herufi, kama inavyofanywa pia katika World of Warcraft, ili mtu asije akafuta kwa kuteleza kidole. Aliandika. Yule mhusika, jitu lenye ndevu, alikuwa amesimama kwenye kioo akipumua, wamewafanya wapumue. Mara hayupo. Mtoto akafunga kompyuta, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaenda kulala bila kula. Nami, Mungu anisamehe, nilikula vizuri.

Juni 2024 alileta 58. Nikatimiza ahadi nikamrudishia kompyuta. Alikuwa na mhusika mwingine, kitoto cha ngazi ya sita, akaingia naye na kulifungua sanduku. Sarafu zilikuwapo. Vitambaa vilikuwapo. Ngao ilikuwapo pia, inang'aa kama siku ile. Lakini alipoigusa yakatokea maandishi, nami nikatafsiriwa: imefungwa na roho ya fulani, na hapo likafuata jina la yule aliyefutwa. Kitoto hakiwezi kuivaa. Haiuzwi. Haigawiwi. Sanduku lilikuwa limekubali kuihifadhi tu. Kuhifadhi na kumiliki ni mambo mawili, jambo ambalo mimi nililisema kwa makarani wangu kila wiki kwa miaka 31. Lililowezekana ni moja tu, kuiharibu.

Mtoto hakusema kitu. Aliyesema ni kaka yake.

Kaka yake alikwenda Muscat mwaka 2021, anafanya kazi jikoni katika hoteli. Mapumziko yake ni Ijumaa. Sikujua kwamba kila Ijumaa usiku, saa tatu ya Tanga ambayo ni saa nne ya Muscat, wale ndugu wawili walikuwa wakikutana ndani ya mchezo ule. Kwenye simu, mnajua vijana, huulizana hali, wakajibiana nzuri, wakakwama. Ndani ya mchezo walikuwa na kazi ya kufanya, na katikati ya kazi maneno hutoka. Humo mdogo alimweleza kaka kwamba Hisabati inamshinda, miezi kadhaa kabla ya ripoti kunifikia mimi. Humo kaka alimweleza mdogo kwamba mwezi wa kwanza wa Muscat alikuwa akilia kwenye stoo ya vyombo. Ngao ile waliipata pamoja katika sikukuu moja ya mchezo iliyodumu siku 11. Kaka aliacha kulala ili amsaidie mdogo wake kuimaliza, kisha akaenda kazini asubuhi. Sikukuu ile haikurudiwa, na ngao ile haitolewi tena.

Alinieleza haya kwa simu, kwa adabu, bila lawama. "Babu," alisema, "mimi ninayo ya kwangu. Yake ndiyo imekwenda." Na mimi nilikuwa nimedhani nafuta mchezo.

Basi nikafanya nilichofundishwa hapa shuleni, nikaandika barua. Niliwaandikia wenye mchezo kwa Kiingereza cha mwaka 1970, chenye kichwa, kumbukumbu namba, na heshima ya kuwasilisha. Mjukuu wangu alicheka hata akakaa chini, lakini akaipiga chapa na kuituma. Baada ya siku mbili wakajibu, tena kwa upole. Mhusika aliyefutwa huweza kurudishwa kwa ombi ndani ya siku 30. Sisi tulikuwa na zaidi ya miezi sita. Ngao iliyofungwa na roho haifunguliwi ikafungwa na mwingine. Walitaja ibara ya mkataba inayosema kwamba vitu vyote ni mali ya wenye mchezo, mchezaji ana ruhusa ya kuvitumia tu. Niliusoma mkataba ule wote, na pengine ni mimi peke yangu duniani. Walikuwa na haki. Wakimfungulia babu mmoja, kesho kila mchezaji atakuwa na babu. (Kicheko.)

Nawasikia wengine wakisema moyoni, ngao yenyewe si kitu, ni mwanga kwenye kioo. Nilisema hivyo pia. Lakini mahakama zimekwisha kuulizwa. Mwaka 2007, katika mji wa Leeuwarden, Uholanzi, vijana wawili walimpiga mvulana wa miaka 13 na kumtishia kwa kisu mpaka akaingia katika mchezo uitwao RuneScape na kuwaachia hirizi na kinyago cha kubuni. Walishitakiwa kwa wizi. Wakili wao alisema hakuna kilichoibwa, kwa kuwa vitu hivyo havipo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile, ambayo tarehe 31 Januari 2012 iliamua kwamba vitu vile ni mali ya kuweza kuibwa: mvulana alivitolea muda na juhudi, vilikuwa chini ya mamlaka yake, na vikaondolewa mikononi mwake.

Nimeifikiria sana kesi ile. Hirizi ya mtoto wa Leeuwarden iliweza kuibwa kwa sababu iliweza kuhama. Ngao ya mjukuu wangu isingeibwa na mtu yeyote, hata kwa kisu, maana ilifungwa. Na kufuli lile lile lililomzuia mwizi ndilo lililotuzuia sisi tuliotaka kuiokoa. Namba 214 ilikuwa ya shule, ikapata mwingine. Ngao imeandikwa jina la mtu asiyekuwapo, katika leja isiyokuwa na ukurasa wa hasara.

Kwa vijana nina machache ya stoo. Kabla ya kufuta mhusika yeyote, kwa hasira yako au ya mwingine, soma maandishi yaliyo juu ya kila kitu chake, kimoja kimoja. Kilichofungwa na akaunti kitabaki na faida, mradi ukihamishie kwanza katika sanduku la pamoja. Kilichofungwa na roho, usidanganyike kwa kuwa sanduku limekipokea. Mwingize kwanza mhusika wako mwingine ajaribu kukivaa, angali yule wa kwanza yupo. Angalia pia kama mchezo wako una mlango wa kurudi na ni wa siku ngapi. World of Warcraft waliweka mlango huo mwaka 2014, na una masharti yake. Na kama ni nafasi tu unayoitafuta, au ni amani na babu, mwache mhusika asimame hapo hapo bila kuchezwa. Hali chakula.

Kwa wazee wenzangu sina la kuwafundisha, ila nitawaambia nilivyofanya. Nilimwita yule mtoto barazani jioni. Sikuwahi kumwomba radhi mtoto maishani mwangu, wala sikuwahi kuombwa radhi na mzee, kwa hiyo sikuwa na mfano wa kuiga. Nilikohoa. Nikazungumza juu ya mvua. Mwisho nikasema, nilikosea, nilitakiwa kuuliza kilichomo kabla ya kuamuru kitolewe. Yeye akatazama chini, akasema si kitu, babu. Ilikuwa kitu, na sote wawili tulijua.

Sasa yumo Kidato cha Tatu. Hucheza Ijumaa saa mbili tu, na kile kitoto cha ngazi ya sita kimekua, kina ndevu. Kaka yake alipanga likizo yake ya kwanza akaja nyumbani, wakakaa sebuleni bega kwa bega wakicheza na kupigiana kelele, umeme ukakatika, wakaendelea kupigiana kelele gizani.

Sanduku lao la pamoja lina nafasi 40. Juzi lilijaa, na nafasi moja ni ya ile ngao ambayo hakuna anayeweza kuivaa. Mtoto alikuja kuniuliza kama aiharibu apate nafasi. Nikamwuliza, kaka yako amesemaje? Akasema, kaka amesema nimwulize babu.

Nimemwambia auze vitambaa.

(Makofi.)